Betri Kwanza, Utepe Baadaye

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona, ingawa tunatembea nacho mfukoni kutwa. Ni ule utepe mwembamba wa nyaya uliomo ndani ya simu, kamera, kishikwambi na kompyuta ya mapajani. Mafundi wengi wanauita fleksi; mimi nitauita utepe. Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili twende pamoja: kifaa kinapotoka mezani kwa fundi kikiwa na ugonjwa ambao hakikwenda nao, mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye utepe, na sababu mara nyingi ni nguvu iliyotumika pasipohitaji nguvu. Utepe haushindwi kwa kuvutwa. Unatolewa kwa kujua umefungwaje, na kabla ya hapo, kwa kukata umeme. Betri kwanza, utepe baadaye. Nitayarudia maneno hayo mara kadhaa leo, naomba mniwie radhi.

Tuanze na utepe wenyewe. Ni nini hasa? Ni ukanda wa plastiki maalumu iitwayo poliimidi, mara nyingi wa rangi ya kaharabu au mweusi, plastiki inayostahimili joto kali na ambayo viwanda vimekuwa vikiitumia tangu miaka ya 1960. Ndani ya plastiki hiyo mmelazwa njia za shaba, nyembamba kuliko unywele wa mtu, zikienda sambamba pasipo kugusana. Nchani kuna meno yaliyopakwa dhahabu au bati, ambayo huingia kwenye soketi iliyo juu ya bodi. Kwa njia hiyo bodi inaongea na kioo, na kamera, na kitufe cha kuwashia, na mlango wa chaji. Watengenezaji wanaupenda utepe kwa sababu unakunjika na kupita mahali ambapo waya wa kawaida haupiti. Lakini kukunjika huko kuna mpaka wake. Utepe uliokunjwa mara moja kiwandani ukaachwa hivyo hauna shida. Ukikunjwa kwa kona kali, ukanyooshwa, kisha ukakunjwa tena, shaba hupasuka ndani huku plastiki ikionekana nzima. Ndiyo maana fundi anaweza kuugeuza utepe mbele ya macho yake, akaapa kuwa ni mzima, kumbe njia moja imekatika.

Je, ninatia chumvi? Tazameni yaliyoipata kampuni ya Apple, yenye wahandisi na fedha za kutosha. Katika kompyuta zake za MacBook Pro zilizotoka mwaka 2016, utepe wa kioo ulipita kwenye bawaba, ukawa unajikunja na kukunjuka kila mtu alipofungua na kufunga kompyuta yake. Baada ya muda baadhi yake zikaanza kuonyesha madoa ya mwanga chini ya kioo, nyingine zikawa giza kabisa zikifunguliwa kupita kiasi fulani. Mwezi wa Mei 2019 kampuni ikatangaza mpango wa kuzitengeneza bure zile za inchi 13. Hakuna fundi wa mtaani aliyezigusa kompyuta hizo. Ni kukunjwa tu, kila siku, mahali pamoja. Sasa ikiwa utepe unaweza kuchoka kwa kufunguliwa na mwenyewe sebuleni, itakuwaje ukivutwa kwa ncha ya bisibisi na mtu anayesukumwa na haraka?

Hapa ndipo ninapoweka nguzo ya kwanza: betri kwanza. Kabla fundi hajagusa utepe mwingine wowote, kiunganishi cha betri kiwe kimekwisha kutolewa. Watu wengi wanadhani kuizima simu kunatosha. Hakutoshi, msikilizaji wangu. Simu iliyozimwa bado betri yake imeungana na bodi, na umeme umekwisha kufika kwenye njia kadhaa, ukingoja kitufe kibonyezwe. Tena utepe unapotoka, meno yake hayaachii yote kwa pamoja. Unatoka kwa mshazari, upande mmoja umeachana na soketi na wa pili bado umeshika, na katika nukta hiyo jino linaweza kugusa lisilo lake. Mfano mzuri ni taa zinazomulika kioo kwa nyuma katika simu za LCD. Taa hizo zinahitaji volti nyingi kuliko zile nne hivi za betri, kwa hiyo kuna sehemu ya bodi ambayo kazi yake ni kuzipandisha. Ukichomoa au ukichomeka utepe wa kioo umeme ukiwapo, sehemu hiyo inaweza kuungua mara moja, bila moshi wala mlio. Halafu inakuwaje? Simu inawaka, inaita, inatetema, lakini kioo ni giza. Ukiimulika tochi kwa ubavu unaona picha zote zipo. Mteja anaambiwa kioo kipya ni kibovu. Kinaletwa kingine kutoka Mombasa, nacho kinakuwa giza vilevile. Vioo viwili vimelaumiwa, na kosa lilikuwa betri ambayo hakuna aliyeitoa.

Nguzo ya pili ni kikomeo. Soketi za tepe hazifanani, na kila aina ina njia yake ya kuachia. Iko yenye kipande kidogo cha plastiki kinachoinuliwa kwa ukucha au kijiti cha plastiki. Kikishainuka, utepe unateleza wenyewe. Katika soketi hizo, nyingine zimetiwa bawaba upande ule ule utepe unakoingilia, nyingine upande wa pili, na fundi asiyetazama kwanza ataukwangua upande usiofunguka mpaka plastiki ivunjike. Iko aina nyingine ambayo kikomeo chake hakiinuki, bali husogezwa nje kidogo kwa pande zote mbili, kwa usawa. Iko isiyokuwa na kikomeo kabisa, ambayo utepe umebanwa tu na unatoka kwa kuvutwa moja kwa moja, ukishikwa pale penye plastiki ngumu, ambayo mara nyingi ni ya buluu. Na iko ile tunayoikuta zaidi katika simu za siku hizi, ambayo si ya kuchomeka bali ni ya kubonyeza: vipande viwili vya mstatili vilivyokaliana, hung'olewa kwa kuinuliwa juu wima, ncha moja kidogo, ncha ya pili kidogo. Mtu akiivuta hii kwa mlalo kama ile ya kwanza, anang'oa soketi pamoja na meno yake. Akitia kijiti mbali sana chini yake, anakwangua vipande vidogo vilivyo kando, vidogo mno hata kuanguka kwake hakusikiki. Wakati wa kurudisha, ibonyezwe ncha moja mpaka ikae, kisha ya pili. Ukiikandamiza katikati kabla haijakaa sawa, unapinda pini.

Mnaona hoja inavyojijenga? Aina hizo zote, hakuna hata moja inayodai nguvu. Kwa hiyo mkono ukihisi ugumu, ugumu huo ni habari: kuna kikomeo hakijafunguka, au kuna gundi chini ya utepe, au kuna skrubu imesahaulika chini ya kibati. Gundi inalegezwa kwa joto la wastani, utepe ukateleza taratibu. Skrubu nazo, kwa kuwa tumezitaja, zina jambo lao. Zile zinazokaza kibati kilicho juu ya soketi mara nyingi hazina urefu mmoja, na skrubu ndefu ikitiwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi na kukata njia zilizo chini. Fundi mwangalifu huzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Anayezimwaga zote kwenye kifuniko kimoja anabahatisha na mali ya mtu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wa pwani zaidi ya mtu wa Nakuru au Eldoret. Chumvi. Toka Malindi uende kaskazini mpaka Gongoni na Marereni utaona mashamba ya chumvi yamelala meupe kando ya bahari. Lakini hata asiyefika huko anaivuta chumvi kila siku katika hewa, na msimu wa kusi unaleta unyevu juu yake. Chumvi na unyevu vikikutana na shaba yenye umeme, shaba inaliwa. Ndiyo ile kutu ya kijani ambayo mafundi wetu wanaikuta kwenye soketi, na mara nyingi kwenye meno yanayobeba umeme wa betri. Kwa hiyo simu iliyoanguka baharini Mayungu au Ngomeni, wakati mtu anaizika kwenye mchele, betri yake inaendelea kula shaba ndani. Mchele hauondoi chumvi. Kinachosaidia ni kukata betri mapema iwezekanavyo, kisha kufungua tepe moja moja na kusafisha meno na soketi kwa spiriti safi. Betri kwanza, tena hapa.

Na katika kusafisha kuna tabia moja ambayo napenda iachwe kabisa: kukwangua meno ya utepe kwa wembe. Kwa siku chache utepe utafanya kazi, kwa sababu shaba mpya imetokeza. Lakini dhahabu ile nyembamba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiikinga, imekwisha kuondolewa, na kwa hewa yetu hii kutu itarudi kwa haraka kuliko mwanzo. Brashi laini na spiriti zinatosha, na pale pagumu, ufutio wa penseli kwa mkono mwepesi. Vilevile, simu nyingi za sasa zimezibwa pembezoni kwa gundi inayozuia maji. Fundi akishaifungua, gundi ile imekwisha kazi yake. Akiirudisha bila kutia nyingine, ameufungulia mlango upepo wa bahari, na tepe ambazo jana zilikuwa safi zitaanza kushika kijani. Kwa mtu wa bara hilo ni jambo la kuvumilika. Kwetu sisi, kutia gundi mpya ni sehemu ya kazi yenyewe.

Najua kuna wanaonisikiliza huku wana majibu, na ni majibu yanayostahili kusikilizwa. Wa kwanza ni fundi mzoefu. Anasema: nimebadilisha vioo kwa miaka bila kutoa betri, na simu zinapona. Sina sababu ya kumkatalia kuwa nyingi zimepona. Lakini simu kupona si ushahidi kwamba njia ni salama. Ni ushahidi kwamba mara hiyo meno hayakugusana vibaya. Zile ambazo hazikupona hazikuandikwa popote kwa jina la betri. Ziliandikwa kioo kibovu, bodi imekufa, mteja aliitia maji. Kosa ambalo halijulikani jina lake linaweza kurudiwa maisha yote bila mtu kulihesabu. Na gharama ya kulizuia ni ipi? Ni skrubu mbili tatu, kibati kimoja, na kiunganishi cha kubonyeza. Hata ikichukua dakika chache, dakika hizo ni nafuu kuliko bodi.

Wa pili anasema: utepe ukikatika, si unanunuliwa mwingine? Spea zipo. Ndiyo, kwa tepe kadhaa zipo, na fundi wa Malindi anaweza kuagiza Mombasa au Nairobi, mzigo ukaja na basi. Utepe wa kitufe cha sauti cha simu inayouzwa sana, hilo ni jambo dogo. Lakini ziko tepe ambazo hazina mbadala. Chukueni iPhone 5s iliyotoka mwaka 2013, ambayo ilikuwa na kitufe cha kusoma alama ya kidole. Kitufe kilikaa kwenye kioo, na utepe wake ukaenda hadi kwenye mwili wa simu. Mtu aliyeinua kioo kwa pupa aliukata. Na kitufe hicho kilikuwa kimefungwa kwa bodi ya simu ile ile tangu kiwandani, hivi kwamba ukitia kingine, hata kiwe halisi, alama ya kidole haifanyi kazi tena. Mwaka 2016 kukazuka malalamiko ulimwenguni kuhusu kosa namba 53, ambapo simu zilizotiwa kitufe kingine zilikataa kuwaka baada ya kusasishwa. Apple ikaomba radhi na kutoa programu ya kuzirejesha, na mwaka 2018 mahakama ya Australia ikaitoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo kwa namna ilivyowaambia wateja kuhusu haki zao. Simu zikarudi kuwaka. Alama ya kidole haikurudi. Kwa hiyo usemi wa spea zipo hauwezi kuwa ruhusa ya kuvuta, kwa sababu fundi hajui kila mara ni utepe upi hauna mwenzake.

Wa tatu ni mteja, na huyu namwelewa sana. Anasema: biashara yangu iko kwenye simu. Pesa za M-Pesa ziko humo, wateja wa samaki wananipigia asubuhi, bodaboda yangu inaitwa kwa simu. Siwezi kungoja. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu ya mtu wa kawaida imekuwa duka na mkoba wake, na mtu aliyefungiwa duka ana haki ya kuwa na haraka. Lakini tazama haraka hiyo inafanya nini mezani. Mteja anasimama mbele ya kibanda, kivuli chake kinaangukia kazi, anauliza kila baada ya dakika, tayari, tayari? Fundi naye analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa, na nyuma kuna foleni. Atakachoruka ni kile ambacho mteja hawezi kukiona: kutoa betri, kutazama kikomeo, kupanga skrubu, kutia gundi. Mteja ameokoa nusu saa, na ameuza simu yake. Laini inaweza kutiwa kwenye mulika mwizi ya kuazima kwa muda huo, na M-Pesa ikaendelea. Simu kubwa ibaki kwa fundi mpaka jioni, nafasi apewe, na bei ya muda huo ikubaliwe bila kunung'unika. Ukimbana fundi kwa bei ya chini kabisa na kwa haraka kabisa, umeshamchagulia namna ya kuufungua utepe.

Na wa nne anasema lawama zote tumwekee mtengenezaji. Kwa nini vitu vitengenezwe vyembamba hivi, na gundi kila mahali? Hapa nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Kifaa kinaweza kubuniwa kiwe rahisi kufunguliwa, na dunia imeanza kulidai hilo. Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 2025, unawataka wanaouza simu huko waweke spea kwa miaka 7 baada ya kuacha kuziuza. Hapa Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata inapogeuka taka. Tuendelee kudai zaidi, nami niko upande huo. Lakini simu iliyoko mezani leo haitabadilika umbo kwa sababu ya sheria. Tepe zake ni hizo hizo. Kumlaumu aliyeitengeneza hakumpunguzii aliyeifungua wajibu wa mkono wake.

Basi ujuzi huu utoke wapi? Mafundi wetu wengi wamejifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine, na sioni aibu yoyote hapo. Ndivyo ufundi ulivyorithiwa pwani hii, kuanzia majahazi mpaka milango ya nakshi. Tatizo ni kwamba mwanagenzi hupewa kifaa cha kwanza kukifungua kikiwa tayari ni mali ya mtu, na mwenyewe anangoja. Vijijini na mijini kuna deki za DVD zilizokufa, simu zisizowaka tena, kompyuta za ofisi zilizotupwa. Zote zina tepe na vikomeo. Mwanagenzi afungue na kufunga hizo mpaka vidole vyake vijue tofauti ya kuinua, kusogeza na kubonyeza, ndipo apewe simu inayoishi. Vyuo vya ufundi navyo vina nafasi yake, na mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, inampa fundi aliyejifunza mtaani cheti cha kuonyesha anachokijua. Hata vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi za umma mwaka 2016 vina betri, kioo na utepe kama simu, na kimoja kikiharibika kwa kufunguliwa vibaya, anayekosa ni mtoto.

Msikilizaji wangu, ukiipeleka simu kwa fundi wiki hii, nakuomba usimsimamie. Mkabidhi, muulize kwa heshima kama ataanza kwa kutoa betri na kama atatia gundi upya akimaliza, kisha ondoka urudi jioni. Nawe fundi unayenisikiliza hapo Barabara ya Lamu, sokoni au Kisumu Ndogo, utepe ukikukatalia, weka chini bisibisi, washa taa, utafute kikomeo kilipo.